UZI: Chukua shepu moja uichezee mpaka isijulikane ilikuwa nini

nodi_tatu
Wakuu habari za mida hii. Huu uzi ni wa wale wanaotumia Inkscape, Corel, Illustrator na ndugu zake, yani programu za kuchora vekta kwenye kompyuta, hasa sisi wa hapa Dar ambao kutwa nzima kazi ni kadi ya harusi, bango la saluni, stika ya bajaji, tisheti za send-off, afu ukifika nyumbani laptopu ileile huitaki hata kuiona. Nataka tuongelee kuchezea. Kuchezea kabisa, bila mteja pembeni anayesema ongeza namba ya simu hapo chini, unachukua duara au nyota unaanza kuibana, kuizungusha, kuizalisha mara mia, unaangalia inageuka nini.

Kwa nini vekta? Kwa sababu kila unachofanya kinabaki kama maelekezo. Faili linakumbuka kwamba hii ni nyota ya kona saba, imezungushwa digrii 10, imerudiwa mara 36, na hayo maelekezo kesho unayakuta palepale, unabadilisha 7 iwe 8 na mchoro mzima unajipanga upya mbele ya macho yako. Kwa hiyo hakuna cha kuogopa kuharibu. Ndo maana ushauri wangu kwenye huu uzi ni mmoja tu: gusa namba moja kwa wakati mmoja, uisukume mpaka mwisho wake, mpaka mchoro uvunjike, uone unavunjikia wapi, ndo uhamie namba nyingine. Wengi wanachezesha vitu sita kwa pamoja, wanapata kitu kikali, afu hawajui kimetokea wapi, hawawezi kukirudia tena.

Mi natumia Inkscape ndo nitakayoielezea. Ni ya bure, ilizaliwa 2003 kutoka programu nyingine iliyoitwa Sodipodi, na toleo la 1.0 lilitoka 2020, kwa hiyo kama unayo ile ya 0.92 ya kwenye flashi ya zamani tafuta mpya kwanza mana vitu vimehamahama sana.

Tuanze na nyota. Chora nyota, angalia juu kuna visanduku vinne: Corners, Spoke ratio, Rounded na Randomized. Weka kona 7, spoke ratio 0.3, afu hamia Rounded. Wengi wanaweka 0.1 kona zinalainika wanaishia hapo. We nenda 1, nenda 3, afu geuka upande wa hasi, -2, -5, yani mistari inaanza kujikunja inapita juu ya wenzake inafanya vitanzi. Sasa hapo fungua Fill and Stroke, kwenye sehemu ya Fill kuna vitufe viwili vidogo kulia juu vyenye umbo kama kopa, bonyeza kile kinachofanya sehemu zinazokatana zitoboke. Ghafla nyota inakuwa wavu, ua, buibui, sijui niite nini, na bado ni nyota ileile ya kona saba, ukigusa Corners ikawa 12 inajisuka upya.

Randomized iguse mwisho na kwa upole, 0.05 inatosha, ukizidisha inakuwa fujo isiyo na sura.

Leteni na nyie mnavyochezea.

kijana_mabibo
Mkuu asante sana kwa uzi, nipo chuo huku Mabibo ndo kwanza najifunza. Swali, mi kwny mashine nina Corel tu, hayo mambo ya nyota ya hasi yapo au mpaka nishushe Inkscape? bando lenyewe la kuunga unga

mtu_wa_mabango
Karibu sana dogo. Corel ina vyake na ni vitamu. Tafuta tool inaitwa Distort, ina aina tatu, Push and Pull, Zipper na Twister. Chora polygon ya kawaida ya pembe sita, shika Push and Pull, kliki katikati uvute kushoto au kulia. Upande mmoja unapata ua, upande mwingine unapata kitu chenye miiba. Sasa usikliki katikati, kliki pembeni ya shepu afu vuta, ua linaegemea upande mmoja kama limepigwa na upepo wa Koko Bichi. Na jambo ambalo wengi hawalijui unaweza kuweka distort juu ya distort, ukimaliza Push and Pull unaweka Twister juu yake unazungusha, na kila moja unaweza kuifuta peke yake ukianzia ya mwisho, kwa hiyo alichosema nodi_tatu kuhusu maelekezo kubaki hai na huku kipo.

Zipper ni ile ya meno meno. Ina vitufe vitatu, random, smooth na local. Mi huwa nachukua duara, Zipper ndogo tu yenye meno mengi, afu smooth, linatoka kama wino umedondoka kwenye karatasi. Nimeshalitumia kwenye bango la studio ya muziki Sinza, mwenye studio alidhani nimepiga picha ya rangi halisi.

Kingine ni Blend. Chora shepu mbili mbali mbali za rangi tofauti, Blend, hatua 60, toa fill (rangi ya ndani) bakiza mstari mwembamba tu. Afu sogeza shepu moja uone zile 60 za kati zinavyofuata. Unaweza kukaa nayo usiku mzima.

nodi_tatu
Hiyo ya kusogeza mwisho mmoja wa Blend ni raha sana mkuu. Illustrator nayo inayo hivyohivyo, kwenye Object afu Blend, unachagua hatua ngapi au umbali gani. Inkscape ipo Extensions, Generate from Path, Interpolate, ila hii ukishaiweka haifuati tena ukisogeza, inakuzalia pathi (mistari huru ya umbo) za kati basi, kwa hiyo hifadhi zile mbili za mwanzo pembeni. Na kumbuka kugeuza shepu ziwe pathi kwanza, Shift+Ctrl+C.

Sasa naleta kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye Inkscape, Edit, Clone, Create Tiled Clones. Kloni ni nakala inayomfuata mzazi wake kwa kila kitu. Lile dirisha lina vichupo vingi na watu wanalikimbia. Fanya hivi. Chora jani refu jembamba. Likliki mara moja, subiri kidogo, likliki tena mpaka mishale ya kuzungusha itokee, katikati utaona alama ndogo ya msalaba, ivute mpaka kwenye ncha ya jani, hicho ndo kitakuwa kitovu. Fungua dirisha la kloni, weka safu mlalo 1 na safu wima 36. Kwenye Shift weka tiki kwenye Exclude tile upande wa safu wima ili kloni zisisogee zikae palepale. Kwenye Rotation weka digrii 10 kila safu wima, mana 36 mara 10 ni 360, mzunguko kamili. Create. Umepata ua.

Hapo sasa ndo mchezo unaanza. Ondoa kloni hizo, weka Scale -2 asilimia kila safu kwenye X na Y. Ua linakuwa konokono. Badilisha digrii 10 iwe 11, halifungi tena, linapishana na mwanzo wake. Weka 137.5, ile digrii ambayo mbegu za alizeti zinajipangia, na uongeze safu ziwe 200, scale uifanye ndogo zaidi mana -2 mara 200 imeshapita sifuri. Ile uone tu. Hiyo digrii 137.5 jaribu kuifanya 137 au 138, mpangilio mzima unavunjika unakuwa mikono inayopinda. Nusu digrii hiyo!

Na ukimaliza, shika lile jani la mwanzo, la kwanza kabisa chini ya kloni, vuta nodi moja (vile vidoti vya kwenye mstari wa umbo). Majani yote yanabadilika pamoja. Mi hapo huwa naacha kufikiria kabisa, mkono unavuta nodi, jicho linaangalia tu.

kijana_mabibo
aisee mkuu nimeshusha Inkscape nimefanya hilo jani limekubali. ila nimejaribu kichupo cha Color ili kila jani liwe na rangi yake, naweka hue (aina ya rangi) asilimia 3 kila safu, nabonyeza Create rangi inabaki ile ile moja. nini shida

nodi_tatu
Lile jani la asili lina rangi yake ndo mana. Kloni inafuata rangi ya mzazi, mpaka mzazi awe hana maelekezo ya rangi. Nenda Fill and Stroke, pale kwenye alama za aina ya rangi kuna yenye alama ya kuuliza, hiyo ndo inaitwa Unset, tofauti na X ya kutokuwa na rangi. Bonyeza hiyo. Jani litakuwa jeusi usiogope. Rudi kwenye kloni, kichupo cha Color, weka rangi ya kuanzia, nyekundu iliyoiva mfano, afu hue 3. Itakubali.

kijana_mabibo
IMEKUBALI 🔥🔥 mkuu ubarikiwe, nimeweka kama wallpaper ya simu tayari

binti_pindo
Jamani habari zenu, nimesoma kimya kimya ila hapo kwenye kloni siwezi kukaa kimya. Mimi nabuni vitambaa, na hicho kichupo cha kwanza kabisa cha dirisha hilo, Symmetry, ndicho cha kukaa nacho muda mrefu. Ukifungua orodha yake utakuta P1, P2, PM, PG, CM na kuendelea mpaka P6M. Ziko 17. Wala hazijawekwa 17 kwa bahati, ndizo njia zote zilizopo za kurudia umbo likajaza eneo bapa upande na upande. Evgraf Fedorov wa Urusi alilithibitisha mwaka 1891, na George Pólya akalifikia kivyake 1924. Hakuna ya 18, chora utakavyochora.

Sasa chukua khanga. Khanga ina pindo, mji na jina. Mji ukiwa wa maua yanayojirudia upo ndani ya hizo 17. Lakini pindo ni ukanda, unarudia upande mmoja tu, na ukanda una njia 7 tu za kujirudia. Nilipolijua hili nikaanza kuziangalia khanga za mama kwa jicho jingine kabisa, nikishika doti yoyote Kariakoo naitafuta pindo lake ni la njia ipi, limegeuzwa kama kwenye kioo, limepinduliwa, au limeteleza huku limegeuka kama nyayo za mtu anayetembea mchangani.

Jaribio langu ni hili. Chora umbo lisilo na ulinganifu wowote, yaani bovu kabisa, koma tu au nusu ya korosho. Ukitumia duara au nyota huoni kitu kwa sababu lenyewe tayari linafanana pande zote. Hilo koma liweke kwenye P1, safu 6 kwa 6, liangalie. Kisha PGG. Kisha P4. Kisha P6M. Umbo ni moja lakini kitambaa kinabadilika tabia, P1 linatembea, PGG linacheza, P4 linazunguka, P6M linatulia kama vigae vya msikitini. Kisha vuta nodi za lile koma kama alivyosema nodi_tatu mpaka yaanze kugusana na majirani zake, hapo ndipo maumbo mapya yanazaliwa katikati, kwenye nafasi iliyoachwa wazi, na mara nyingi hiyo nafasi ni nzuri kuliko nilichokichora.

Nasisitiza kwa sababu naona vitambaa vingi sasa hivi vimepangwa P1 tu, nakili bandika nakili bandika. Bibi zetu waliosuka ukili walijua zaidi ya hapo.

mtu_wa_mabango
Dada umenifungua macho. Hiyo 17 nilikuwa naiona naipita nadhani ni ya wanasayansi.

nodi_tatu
@binti_pindo asante sana, ningeomba uendelee. Na mimi nakazia hilo la nafasi iliyoachwa wazi. Mchezo wa abstrakti mwingi uko huko.

mwl_wa_namba
Wakuu mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari, siyo mbunifu, lakini Inkscape naitumia kuandaa michoro ya mitihani na nina sehemu moja naipenda mno. Extensions, Render, Spirograph. Ni ile michoro ya kale kadude ka plastiki chenye meno ambacho Muingereza Denys Fisher alianza kukiuza 1965, gurudumu dogo linazunguka ndani ya pete kubwa na kalamu imechomekwa ndani ya gurudumu.

Pale unapewa R kubwa ya pete, r ndogo ya gurudumu, na d ya kalamu. Watu wanabahatisha namba. Msibahatishe, kuna siri rahisi na ni ile KKS ya shule ya msingi, kigawo kikubwa cha shirika. Gawanya R kwa KKS ya R na r, jibu ndo idadi ya ncha. R 100 na r 60, KKS ni 20, ncha 5. R 100 na r 40, KKS ni 20 vilevile, ncha 5 lakini mstari unazunguka mara 2 tu kabla ya kufunga, wakati ile ya 60 inazunguka mara 3, kwa hiyo ni nyota mbili tofauti zenye ncha sawa. R 100 na r 63? KKS ni 1. Ncha 100, mizunguko 63, unapata kitu kama utando mzima. Sasa badilisha r iwe 64, KKS inakuwa 4, ncha zinashuka mpaka 25. Namba moja tu imeongezeka mchoro umebadilika ukoo.

d ukiiweka sawa na r ncha zinachoma, ukiipunguza zinalainika, ukiizidisha zinafanya vitanzi. Nimewaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha pili kwenye projekta, walianza kunitajia namba wenyewe, na kabla sijabonyeza Apply wanabishana itatoka ncha ngapi. Sijawahi kuona KKS ikigombaniwa hivyo.

kijana_mabibo
teacher huyu tungempata sisi 😅

fundi_plota
Salaam. Naona mnakwenda vizuri ila niingie upande wa kutoa kazi mana najua kesho mtu atakuja na haya mambo kwenye flashi anataka stika.

Plota, yani mashine ya kukata stika, inafuata pathi. Haijui kipi kiko juu kipi kiko chini. Kama majani yako 36 yamelaliana kisu kitakata yote, stika itakuwa unga. Kwa hiyo kabla hujaleta, kloni zote uzikate na mzazi, Shift+Alt+D, afu geuza pathi, afu unganisha kwa Union. Corel ni Ctrl+K kuvunja blend, Ctrl+Q kugeuza kuwa curves, afu Weld. Hifadhi nakala ya faili lenye kloni hai pembeni mana ukishaunganisha maelekezo yote yamekufa.

La pili, ile mistari myembamba myembamba mnayoipenda. Kwenye skrini nzuri, kwenye vinyl ukianza kung'oa mabaki inatoka nayo. Kama ni ya stika usishuke chini ya milimita 2. Kama ni ya kuprinti kwenye karatasi au flex endelea tu hata nyembamba.

La tatu filta. Blur, turbulence, kivuli, hivyo vyote kwenye Inkscape vinachorwa kwa pikseli hata kama faili ni vekta, ukitoa PDF inavigeuza picha kwa dpi (idadi ya pikseli kwa kila inchi) uliyoweka pale kwenye dirisha la kuhifadhi. Kwa bango la mita 3 kwa 2 linaloangaliwa kutoka ng'ambo ya barabara dpi 100 kwa saizi halisi inatosha sana, na hiyo tayari ni pikseli karibu 11,800 kwa 7,900, mashine yako itapumua juu juu. Ukiweka 300 utalala hapo.

nodi_tatu
Fundi umemaliza kila kitu, asante. Na kwa vile umetaja filta niseme kidogo. Filters, Distort, Roughen. Weka kwenye maandishi manene au duara. Kuna Variation pale chini, hiyo ni mbegu ya bahati nasibu, namba moja inatoa sura moja ileile siku zote, kwa hiyo ukiipenda 14 iandike. Zile frequency mbili zitofautishe, ya mlalo ndogo sana ya wima kubwa, umbo linachanika kama bendera. Hesabu zilizo nyuma yake ni za Ken Perlin, Mmarekani aliyezitunga miaka ya 1980 kwa ajili ya picha za kompyuta zisionekane laini kupita kiasi, na 1997 akapewa Oscar ya ufundi kwa kazi hiyo.

Ila kuwa mkweli, filta nazipenda kidogo kuliko kloni. Zinakupa uzuri haraka sana na zote zinaanza kufanana baada ya muda. Kloni unaijenga.

mpita_mwenge
Samahanini wakuu, sio kwa ubaya, ila hii yote kwa faida gani? Mteja wa Dar hanunui abstrakti, anataka sura yake na namba ya simu. Na siku hizi unaandika sentensi moja AI inakutolea mchoro wa hivyo kabla chai haijapoa.

nodi_tatu
Swali la haki mkuu wala sio ubaya.

Hiyo picha ya AI jaribu kuiambia nataka ileile ila majani yawe 37 badala ya 36, na hili la nne lisogee milimita 2. Mara nyingi inakuletea picha nyingine. Na mara nyingi inakuletea pikseli, mpelekee fundi_plota akukatie uone. Mimi nataka kitu ninachoweza kukirudia, kukipima na kukikata.

Na kuhusu mteja, hanunui abstrakti yenyewe lakini ananunua usuli wa kadi, pindo la cheti, mgongo wa kalenda, karatasi ya kufungia keki, tisheti ya timu. Hivyo vyote vinahitaji muundo wa kujirudia na watu wengi wanavichukua mtandaoni vilevile, ndo maana kadi kumi za harusi ukizipanga mezani zina maua yaleyale kwenye kona. Mtu aliyechezea sana ana folda lake. Na hata kama hakuna anayenunua, jicho linafunzwa. Baada ya kuzungusha majani kwa muda unaanza kujua kabla hujabonyeza nini kitatokea, na hiyo haina duka.

mama_j
Namuunga mkono. Mi natengeneza makava ya madaftari na mifuko ya zawadi Tegeta, miundo yote nachora mwenyewe, na wateja wanarudi kwa sababu hawaioni kwa jirani. Naomba mtu aeleze ile ya mistari inayocheza macho, nimeiona mahali nimeipenda mno sijui inaitwaje.

nodi_tatu
Mama shikamoo. Hiyo ni moiré. Unalaza mistari juu ya mistari na kati yake inazaliwa mistari mingine mikubwa ambayo hujaichora. Bridget Riley wa Uingereza na Victor Vasarely aliyekuwa Ufaransa wamefanya kazi nyingi za kuchezesha macho namna hii miaka ya 1960, tena kwa mkono na rula.

Fanya hivi. Chora mstatili mwembamba, urefu milimita 100, unene milimita 1, mweusi, usiwe na mstari wa nje. Tiled Clones, safu wima 1, safu mlalo 50, kwenye Shift weka Y asilimia 100 kila safu mlalo. Hapo mistari inarudia kila milimita 2. Igrupu yote, Ctrl+G, afu Ctrl+D kupata pacha yake juu, afu fungua Transform uizungushe pacha kwa digrii 10. Itatokea mikanda myeusi na myeupe iliyoachana kama milimita 11 na nusu hivi. Punguza iwe digrii 5, mikanda inapanuka mpaka milimita 23. Digrii 2, inafika 57. Yani kadiri unavyopunguza pembe ndo mikanda inavyokua, na ukikaribia sifuri inakuwa mikubwa kuliko karatasi.

Ukishaizoea mistari iliyonyooka, pacha moja ipinde. Geuza kuwa pathi, weka Path Effects, Envelope Deformation au Lattice, sukuma kona moja tu. Mikanda inaanza kupinda kama mafuta juu ya maji. Rangi mbili tu zinatosha, hata moja.

Angalizo, ukiwa umezuum mbali skrini yenyewe inaongeza mikanda yake ya uongo kwa sababu ya pikseli. Zuum mpaka mistari iwe wazi ndo uamini unachokiona, au toa nakala ndogo kwenye karatasi.

mama_j
Marahaba mwanangu. Nimeitoa kwenye A4 sasa hivi, mjukuu anaisogeza sogeza kichwa. Hii inaenda kwenye mifuko.

kijana_mabibo
wakuu laptopu yangu ni ya ram 4 nimeweka kloni 400 na Roughen juu yake imeganda, feni inalia. mnafanyaje?

fundi_plota
View, Display Mode, chagua No Filters ukiwa unafanya kazi. Au Outline kabisa, unaona mistari tu inakwenda chapu. Filta iwashe mwisho.

mwl_wa_namba
Nyongeza kwa kijana. Ukifika kwenye L-system, iko Extensions, Render, kuwa makini na Order, yani idadi ya marudio. Hiyo ni kazi ya Aristid Lindenmayer, mwanabiolojia aliyeianzisha 1968 kueleza mimea inavyokua, unaandika kanuni ya herufi na programu inairudia ndani ya yenyewe. Anza na hii: Axiom F++F++F, Rules F=F-F++F-F, pembe zote mbili 60. Utapata theluji ya Koch, ya mwaka 1904. Kila ukiongeza Order moja vipande vinazidishwa kwa 4. Order 4 ni vipande 768, order 5 ni 3,072, order 7 ni 49,152 na laptopu ya ram 4 sitaki kuisikia.

Ukishapata theluji yako badilisha 60 iwe 58, au 75, au 85. Haifungi tena, inakuwa kitu kingine kila mara. Na alama moja ya kujumlisha ukiitoa kwenye kanuni ni dunia nyingine.

binti_pindo
Mwalimu hiyo ya 85 nimeijaribu sasa hivi kwa Order 3, nimeiweka kipande chake kwenye P31M badala ya koma langu. Naomba mtu mwingine ajaribu na P3M1 aniambie kama anaona tofauti ya pale pembe tatu zinapokutana, kwa sababu kwangu moja inaacha nyota wazi katikati na nyingine inaiziba.

mtu_wa_mabango
Naifanya dada. Niandikie unene wa mstari uliotumia.

binti_pindo
0.4 mm, bila fill, safu 5 kwa 5.